Gari la Mwalimu Lisilopanda Mlima

Mafundi wenzake walimwita Nilisema, kwa sababu hakuna gari lililowahi kuharibika ambalo yeye hakuwa amekwisha kusema litaharibika. Mtu wa mdomo mrefu na mikono mizuri, ila subira alinyimwa kabisa. Siku tatu gari la Mwalimu lilikuwa limemkaa kooni, na Jumamosi asubuhi alilifungua boneti lake kwa kishindo hadi wateja wakageuka.

Gari lenyewe lilikuwa na ugonjwa mmoja. Kwenye tambarare liliteleza vizuri. Likiuona mlima wa kwenda shuleni, linakata pumzi, na baiskeli zinalipita. Wiki iliyotangulia binti wa Nilisema, naye fundi wa mwaka wa sita pale pale gerejini, aligundua kwamba vipepeo, yaani vibati vidogo vilivyo ndani ya njia ya hewa ya injini, havijifungi gari linapokwenda polepole, ndiyo maana likakosa nguvu mlimani. Vipepeo hivyo huvutwa na kikombe cha bati chenye ngozi laini ndani: injini inafyonza hewa kupitia mpira mwembamba, ngozi inavutika, kijiti kinasogea na kuvifunga vipepeo. Ngozi ilikuwa imechanika. Binti akafunga kikombe kipya, akamwambia Mwalimu nguvu zitarudi. Hazikurudi, na Jumatano gari likaletwa tena.

"Umefunga vibaya," Nilisema alimwambia mbele za watu.

"Baba, kikombe nimekijaribu kwa mdomo. Nikifyonza, kijiti kinasogea. Niache niufuate mpira, nione kama mvuto unafika."

"Hiyo mipira niliipanga mwenyewe! Wewe nenda kwenye matairi."

Akaenda. Miaka sita ya injini, na sasa anaziba pancha za mikokoteni. Gereji ya ng'ambo ya barabara ilikuwa imemwita akafanye kazi ya injini kwao, na nyumbani wote walijua. Mama yake hakuficha neno. "Endelea hivyo hivyo, baba watoto," alisema akimimina chai, "mtoto ataondoka."

"Aende zake!" alifoka Nilisema. Kwa kweli hakuna kitu alichokiogopa kama hicho. Lakini ndivyo alivyoumbwa: akiogopa, anagomba.

Basi Jumamosi ile akahangaika na gari. Akabadilisha plagi, wapi! Akabadilisha chujio la hewa, likabaki vile vile. Akashusha tangi na kuikagua pampu ya mafuta, ambayo haikuwa imemkosea mtu. Kila jaribio, Mwalimu aliyekuwa kwenye benchi na rundo la madaftari yake aliinua macho, akauliza kwa upole, "Tayari, fundi?" Upole ule ulimchoma kuliko matusi. Mpaka spana zilitukanwa siku ile.

Kilipokwisha kila kitu cha kulaumu, aliuchomoa ule mpira kwenye kikombe, injini ikinguruma, akaweka kidole gumba kwenye tundu lake. Hakuna mvuto hata kidogo. Akaufuata kwa vidole hadi nyuma ya injini, pale unapokunja kona, akagusa kitu kigumu. Akaukata kwa wembe. Ndani mlikuwa na boliti fupi, mpira umebanwa juu yake kwa waya wa shaba mizunguko mitatu, ncha ikakunjwa chini isimchome mtu.

"Mjinga gani huyu ame..."

Akauinamia ule waya. Katika mtaa mzima ni fundi mmoja tu aliyekunja ncha ya waya namna ile: yeye. Miaka miwili nyuma, ngozi ilipoanza kuchanika, hewa ikawa inaingia ovyo na injini inatetemeka. Aliziba mpira kwa boliti, kwa muda tu, mpaka kikombe kingine kipatikane. Injini ikatulia, mteja akashukuru, naye akasahau.

Akatazama kushoto na kulia. Mwalimu alikuwa akisahihisha, binti ameinamia gurudumu. Boliti likatumbukia mfukoni pamoja na waya wake. Akafunga mpira mpya, akawasha, na kijiti kikavutika bila ubishi. Walipolijaribu yeye na Mwalimu, gari liliupanda mlima hadi getini pa shule.

"Kumbe tatizo lilikuwa nini?" Mwalimu aliuliza waliporudi. "Binti alikosea wapi?"

Uongo wa kifundi haukosekani. Visingizio kumi vilimjia pale pale, kila kimoja kizuri kuliko mwenzake. Kisha akamwona binti yake amesimama na pampu ya upepo mkononi, anasubiri kusikia kosa lake. Akaingiza mkono mfukoni.

"Hakukosea popote. Hili boliti ni langu. Niliziba mwenyewe, nikasahau, halafu nikamwaibisha yeye siku tatu." Akamgeukia binti yake. "Mama, rudi kwenye injini. Leo hii."

Binti alilichukua boliti, akaligeuza, akautazama ule waya. Hakucheka. Hakukasirika pia, na heri angekasirika.

"Nimeshawajibu wale, baba. Jana mchana. Jumatatu naanza."

"Lakini jana nilikuwa sijajua!"

"Hata mimi nilikuwa sijajua," alisema, akamrudishia boliti lake. "Nilitaka tu uniache niangalie."