Kiganja Kilichongoja Pepeta

Harufu ya mpunga mbichi ukikaangwa hunirudisha Namawala, hata nikiwa hapa Katindiuka, nyumbani kwangu. Mnaoijua pepeta mtanielewa: mpunga ambao haujakauka vizuri unakaangwa, unatwangwa ungali moto, kisha unapepetwa. Mama yangu alikuwa fundi wake, na watoto waliokuja shambani kutusaidia kufukuza ndege walichoka ghafla kila mchi uliponyamaza.

Mama alimjazia kila mtoto kiganjani. Mimi, mwanawe wa pekee, nilinyoosha changu kabla ya wote. Fungu langu aliliweka kwenye ungo, akausukuma kwa mguu.

"Okota hapo," alisema bila kunitazama.

Hakunishika kamwe. Kunisuka na kuniogesha ilikuwa kazi ya Mama Siwema, jirani yetu. Nilidhani nanuka, nikawa najinusa kwapa kwa siri.

Msimu mmoja homa ilinilaza kibandani. Nikalia, "Mama, nibebe." Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, kisha akatoka mbio kumwita Mama Siwema. Nilipelekwa hospitali Ifakara kwa baiskeli, nimepakatwa na jirani, mumewe akiendesha. Mama alibaki na ndege wake. Kelele zake zilitufuata hadi barabarani. Nilimchukia, siwafichi.

Tulipomzika, nikiwa mtu mzima, ndipo Mama Siwema aliponiita pembeni.

"Kabla yako walikuwapo watatu, mwanangu. Wote homa, na wote walimfia mikononi akiwakimbiza hospitali. Ulipozaliwa akanikabidhi wewe. Akasema, mwenzangu, mikono yangu mibaya, nishikie huyu."

"Na siku ile alibaki kufukuza ndege?"

"Ndege gani? Alikuwa analia."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Hakuwepo tena wa kumwambia kwamba mikono yake haikuwa mibaya.

Juzi nilitwanga pepeta. Binti yangu akanyoosha kiganja, nami, bila kuwaza, nikamwekea kwenye ungo. Hakuokota. Alibaki ananitazama, mkono wake hewani, na macho yale niliyajua. Mama alinipenda kwa kukaa mbali. Mimi nilijifunza ule umbali tu. Nikaizoa ile pepeta, nikaushika mkono wake, nikaujaza.

"Mama, ya moto!" akacheka.

Nikapuliza. Mkono sikuuachia.