Kipindi cha "Familia Yangu" Ng'ambo ya Mto

Siku ya kwanza kazini, katika chuo kimoja cha ualimu mjini Tanga, nilimwamkia karani wa mapokezi shikamoo mara mbili, kisha nikakaa asubuhi nzima nikijiuliza kama ameniona mjinga. Nilikuwa mkufunzi msaidizi, yaani mtu anayewafundisha walimu wa kesho huku mwenyewe hajafundisha bado. Kazi hiyo niliifanya miaka mitatu. Wenzangu hunicheka nikisema nimestaafu, lakini sina neno jingine. Ninyi mnaoingia kazini sasa nawaandikia kilichonitoa.

Mkuu wa Idara, mama wa Kibondei asiyependa maneno mengi, alinikabidhi mada isiyotakiwa na mtu: kumfundisha mtoto aliye peke yake wa kabila lake katika darasa la mchanganyiko. Ilipewa vipindi viwili tu, juma la mwisho kabla ya mazoezi ya kufundisha, pale wanachuo wanapopelekwa shuleni nasi tukawafuata kuwakagua. Nikaandika kurasa ishirini: watoto wa wakata mkonge waliotoka bara, watoto wa Kipemba, Wamasai wa ng'ambo ya Mto Pangani, ambao mtu akifa jina lake halitajwi tena na watu wake. Mkuu wa Idara akazipima kwa mkono.

"Wewe mwanangu unafikiri sana. Utafikiri mpaka kengele ilie."

Akataka ukurasa mmoja. Nilihangaika siku nne nikikata, nikabakiza mambo ambayo hakuna mtu ambaye angeyapinga: mshirikishe mtoto, mpe nafasi ya kusema mbele ya wenzake. Habari ya majina ya wafu niliikata.

Mwezi uliofuata nikavuka kwa kivuko kwenda kumkagua Zuhura, mwanachuo hodari kutoka Pemba. Somo la darasa la kwanza lilikuwa "Familia Yangu". Nilikaa nyuma na fomu yangu. Kila mtoto alisimama akataja jina la baba yake. Naserian, Mmasai pekee darasani, akasimama akanyamaza.

"Usione haya, mwanangu. Baba anaitwa nani?"

"Kafa huyo, mwalimu," akasema aliyekaa naye.

"Hata kama kafa, jina halifi. Tutajie tumjue."

Mtoto akaziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilijua. Nikafikiri: mkaguzi haingilii somo, nikimkatiza Zuhura, watoto watamdharau, labda familia hii imeshaacha mila, labda nimekumbuka vibaya. Nikiwa bado nafikiri, Naserian akalitamka kwa sauti ndogo, na darasa likampigia makofi. Kwenye kipengele cha kumshirikisha mwanafunzi nilimpa Zuhura alama zote, maana alifanya nilivyomfundisha.

Kesho yake mtoto hakuja. Juma zima hakuja, na Zuhura akadhani anaumwa. Nikaenda kwao na mwalimu mkuu. Mama yake alitusikiliza amesimama, akasema binti yake analia kila siku akiamini amemtendea baba ubaya, na hatarudi. Kisha akanigeukia, bila ukali.

"Yule msichana hakujua, namwelewa. Wewe uliye mkubwa wake, ulijua?"

"Sikujua, mama."

Akanisamehe palepale.

Juma lile niliandika barua ya kuacha kazi, rasimu saba, na iliyokwenda ilitaja sababu za kifamilia. Naserian hakurudi shuleni. Ukurasa wangu bado unafundishwa. Zuhura ameajiriwa, na mara kwa mara hunipigia simu kunishukuru. Anasema kila akikata tamaa hukikumbuka kipindi kile, yule mtoto bubu aliyesema. Sijamwambia.