Chupa Iliyokataa Kupungua

Miaka ile ya soko huria, Bariadi kila mtu alikuwa anaanza kitu. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia na mizani zao, mitumba imetandazwa hadi barabarani, na maduka ya dawa yanafunguliwa kila kona. Mimi nilianza kazi ambayo wenzangu waliikimbia. Serikali ilikuwa imenipunguza kwenye kazi ya uuguzi, hospitali moja ya misheni ikanichukua niwafuate majumbani wagonjwa walioshindikana, niwatulizie maumivu mpaka siku yao ifike. Nilipewa baiskeli, mkoba, na mofini ya maji kwenye chupa. Semina ya wiki mbili ilikuwa imenipa cheti, na cheti kikanipa kichwa kikubwa.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa upande wa Nkololo. Saratani ilikuwa imemwingia kwenye mifupa ya mgongo, hawezi kuinuka wala kujigeuza. Mkewe alikwisha kufa. Mwanawe alikuwa amehamisha ng'ombe kwenda Meatu kutafuta malisho. Nyumbani alibaki mke wa huyo mwana, mwanamke mpole wa umri wangu, na mjane wa jirani aliyekuja asubuhi na jioni kumlisha mzee uji na kumsafisha.

Nilimtazama mjane, nikaona kizee asiyejua kusoma. Nilimtazama mkamwana, nikauliza kama amesoma. Darasa la saba, akasema. Basi, nikampata mtu wangu. Nilimfundisha kupima kijiko kimoja kila baada ya saa nne, na kuweka alama ya vema kwenye daftari kila anapotoa. Nikamkazia: "Dawa hii ni kali. Asiishike mtu mwingine yeyote. Wewe tu." Na nilipokuwa nikisema hivyo nilimtazama mjane, ili asikie vizuri.

Mkamwana aliitikia kila neno. Nilirudi mjini nikijisifu.

Wiki ya pili nilimkuta mzee ameuma pembe ya blanketi. Chupa ilikuwa imejaa hadi shingoni, kama nilivyoiacha. Daftari lilikuwa na alama za vema, zote, saa kwa saa, zimepangwa vizuri kama za mwalimu. Nilidhani hakunielewa. Nikaeleza upya, kwa sauti kubwa zaidi, maana sisi tuliosoma tunaamini asiyeelewa ni kiziwi. Nilimpa mzee kijiko mwenyewe, nikakaa mpaka uso wake ukalegea. Nikapanda baiskeli nimenuna.

Wiki ya tatu, yale yale. Vema zimejaa, chupa imejaa, mzee anatetemeka kwa maumivu. Nilimwinamia nikamwuliza kama anapewa dawa.

"Mkamwana wangu ni mtu mwema," akasema kwa shida. "Usimgombeze."

Hapo ndipo nilipowaka. Nilitoka uani nikiwa nimeshika chupa mkono mmoja na daftari mkono mwingine, nikamfokea yule mwanamke. Nilimwita mwongo. Nilimwuliza kama anangoja baba mkwe wake afe ndipo apumzike. Nilisema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka usoni kunanichoma. Yeye alipiga magoti, akatazama chini.

Aliyejibu ni mjane. Alikuwa ameketi kando akipepeta mtama, akaweka ungo chini.

"Bebe, wewe nesi, kwenu ni wapi?"

Nikamwambia nimekulia Tabora mjini, kwenye kota za reli. Baba yangu ni Msukuma, lakini Kisukuma changu ni cha salamu tu.

"Ndiyo maana. Mkamwana anaingiaje anapolala baba mkwe? Amwinue kichwa, amfungue mdomo? Hapa hakuna jambo hilo. Huyu mtoto anapima dawa yako, anaweka alama kwenye daftari, anaipeleka mpaka mlangoni, anaita. Mzee hawezi kuja. Anasubiri, anasubiri, halafu anairudisha kwenye chupa isiharibike. Mchana na usiku, mayu, mama yangu. Mimi nilitaka kuichukua nimpe. Akakataa. Alisema nesi amekataza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Miiko ya wakwe nilikuwa nimeisikia kwa shangazi zangu tangu utoto, lakini niliichukulia kama hadithi za kuwachekesha watoto wa mjini. Kuuliza si ujinga, watu husema. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa na cheti.

Nilimkabidhi mjane kijiko palepale. Saa hakuijua, tukapanga kwa ng'ombe wa jirani na kwa jua: wakitoka, wakienda kunywa maji, wakirudi, na vijiko viwili wakati wa kulala. Hakukosea hata mara moja. Mzee aliishi siku tisa baada ya hapo. Alilala usingizi, alikula, akaanza hata kunitania kwamba nina miguu ya baiskeli. Siku tisa. Kabla ya hizo zilikuwa siku kumi na nne za kuuma blanketi, na hizo hakuna dawa ya kuzirudisha.

Baada ya mazishi nilikwenda kuchukua vifaa. Mkamwana alinipa chupa imeoshwa, na daftari limefungwa kwenye kitambaa safi. Nilianza kuomba radhi. Akanikatiza kwa upole, akinishukuru: "Wabeja, sista. Baba alilala vizuri."

Ofisini nilifungua jalada la mzee ili nilifunge. Ndani yake kulikuwa na fomu ya wiki ya pili, niliyoijaza mwenyewe nikiwa bado nimenuna. Palikuwa na swali moja kuhusu mtu anayemhudumia mgonjwa nyumbani: je, alifuata maelekezo? Nilikuwa nimeandika kwa wino mzito, "Hakufuata." Nilichukua kalamu nikakata neno lile. Juu yake nikaandika, "Alifuata yote."