Mwaka Mama Alipojenga Jiko la Shule

Nyasi kavu zikiungua pamoja na majani ya mkaratusi hutoa harufu kali inayoingia kwenye nywele na kukaa humo hata uoge mara tatu. Utoto wangu wote nilitembea na harufu hiyo kichwani. Kila kiangazi, nyuma ya nyumba yetu pale Gasenyi, mahali ambapo jiji la Bujumbura lilikuwa linaishia na mashamba ya mihogo kuanza, mama alipanga vyungu vyake juu ya kuni, akavifunika kwa nyasi, akawasha moto asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka. Kisha alikaa kitako pembeni akisikiliza. Chungu kikipasuka motoni hutoa mlio mdogo, mkavu, na mama aliweza kutambua kwa mlio huo ni kipi kimekwenda, kile cha kupikia maharage au ule mtungi mkubwa wa maji. Hakulalamika. Alisonya mara moja tu, kisha akaendelea kuvisikiliza vilivyobaki.

Sisi ni Watwa. Nalisema mapema, kwa sababu enzi zile kila mtu mtaani alilijua kabla sijafungua mdomo, na nikiufungua ndipo walipohakikisha. Kirundi chetu kina mvuto wake, sauti hupanda na kushuka tofauti na ya wengine, na watoto wa jirani walituigiza mpaka wakagaragara kwa kicheko. Ndiyo maana mama alikipenda Kiswahili. Alijifunza sokoni Kamenge kwa wanawake waliotoka Kongo, na baba naye alikileta nyumbani kutoka mtaa wa Quartier Asiatique, alikokuwa akibeba magunia ya chumvi kwa wenye maduka. Mama akisema Kiswahili, hakuna aliyeweza kulitambua kabila lake. Alikuwa mwanamke wa sokoni tu. Kwa hiyo akiwa na jambo zito la kusema, alilisema kwa Kiswahili, hata kama anayeambiwa ni Mrundi mwenzake.

Desturi ilikuwa hivi. Watu walinunua vyungu vya mama, wakapikia, wakala, wakashiba, lakini Mtwa hakushirikishwa kikombe wala sahani. Jumamosi, kazi ya pamoja ya mtaa ilipomalizika, pombe ya ndizi ililetwa katika mtungi mmoja wenye mirija mingi na watu wakauzunguka. Baba alimiminiwa yake kwenye kigae, akanywa akiwa amechutama kando. Mmoja wetu akigusa chombo cha watu kwa bahati mbaya, chombo kilivunjwa. Basi mama alipita nyuma na kikapu chake, akaviokota vile vigae, akavipeleka nyumbani na kuviponda mpaka vikawa chenga ndogondogo, akazichanganya na udongo mbichi wa bondeni. Udongo mtupu hupasuka motoni. Wenye vigae ndani yake huvumilia. Maana yake ni kwamba vyombo walivyovivunja kwa ajili yetu vilikuwa vikirudi jikoni kwao wenyewe, nao hawana habari. Siku niliyolielewa jambo hilo nilicheka peke yangu njia nzima ya kwenda shule.

Shuleni kicheko kiliniisha. Kwenye kona ya darasa letu kulikuwa na mtungi wa maji, kazi ya mikono ya mama, na juu ya kifuniko chake kikombe kimoja cha bati cha kijani, cha darasa zima. Mimi, Devota, nilikuwa na kopo langu, lililofungwa kwa kamba kwenye mfuko wa madaftari. Nilikuwa na miaka kumi. Mwishoni mwa mwezi wa tano, tulipotoka kukimbia uwanjani juani, nilikuta kopo nimelisahau nyumbani. Koo lilikuwa limekauka kabisa. Nilichota kwa kile kikombe cha kijani, nikanywa mpaka mwisho, na nilipokishusha darasa zima lilikuwa limenigeukia. Kiongozi wa darasa akakishika kikombe kwa ncha za vidole, akaenda kukitupa chooni. Mwalimu wetu, mama mpole aliyenifundisha kusoma, alijifanya hamnazo, akaendelea kuandika ubaoni. Kesho yake kulikuwa na kikombe kipya na mimi nilihamishiwa benchi la nyuma. Sifa, mtoto wa jirani yetu Mkongomani, peke yake ndiye aliyenifuata huko, akasema kule mbele chaki inamwingia puani.

Niliporudi nyumbani nilimwambia mama kila kitu, kisha nikala kiapo kwamba likizo ikianza, shuleni sirudi tena. Ningefinyanga naye, basi, nikafie humo kwenye udongo. Mama hakuniacha nikande hata donge moja. Alinitazama, mikono yake myekundu ikining'inia, akaniambia udongo haukimbii, nisubiri. Nilikasirika. Nilidhani ni yale maneno ya watu wazima waliokwisha kushindwa, na likizo ilipofika niliyatupa madaftari yangu nyuma ya kabati nikijua sitayahitaji.

Likizo hiyohiyo ikaja habari ya chakula. Shirika moja lilikuwa limeahidi kuipa shule yetu unga na maharage, watoto wale mchana hapohapo, ila kwa sharti kwamba shule iwe na majiko makubwa yasiyokula kuni nyingi. Mkuu wa shule, ambaye wote tulimwita Direkteri, akaleta fundi kutoka mjini na mifuko ya simenti. Majiko yakasimama, mazuri, laini, yamepakwa chokaa. Siku ya kuyajaribu, wazazi wakiwa wamekuja kushangilia, la kwanza lilitoa mlio kama wa bunduki likapasuka kutoka juu hadi chini, sufuria ikapinduka, maharage yakaenda mchangani. La pili halikungoja hata maji yachemke. Fundi alisema kuni ndizo mbaya. Mama alikuwa amesimama mbali, mahali petu pa kawaida, na mimi nilimsikia akisonya mara moja, vilevile kama nyuma ya nyumba. Shule zilikuwa zikikaribia kufunguliwa, na bila jiko chakula kingekwenda kwingine.

Siku tatu baadaye Direkteri alikuja kwetu kwa miguu. Mtu wa aina yake hakuwahi kuingia katika ua wetu, na alipopewa kigoda alikiangalia kwanza, ndipo akakaa. Alizungumza Kirundi cha heshima, akazunguka sana, akasifu vyungu, akauliza habari za mvua. Hatimaye akasema amesikia kuna udongo usiopasuka, na kwamba shule ingemlipa mama vizuri. Mama alinawa mikono polepole, akamjibu kwa Kiswahili.

"Direkteri, jiko nitakujengea. Franga mi sitaki. Siku ya kwanza ya shule, mbele ya bazazi bote, Devota atakunywa mu kikombe ya shule. Kisha we utakunywa nyuma yake, mu kile kile."

Direkteri alisogeza kigoda nyuma kidogo. Alisema, naye sasa kwa Kiswahili, "Mama Devota, ile kitu ni ngumu. Batu batasema."

"Njo vile," mama akasema. "Jiko nayo ni ngumu."

Aliondoka bila kuaga vizuri. Baba alisema tumejiharibia, kwamba kesho watatufukuza hata bondeni tunakochimba udongo. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mama hakuwa ameshindwa hata siku moja. Alikuwa akingoja jambo lenye uzito wa kutosha. Kulikucha, Direkteri akarudi. Hakukaa. Alisema ndiyo, na akauliza kazi inaanza lini.

Ilianza Jumamosi, na sijaona tena Jumamosi kama ile. Mama alisimama juu ya tofali akawapanga watu wa kila kabila katika mistari: hawa wachimbe, hawa wabebe, hawa waponde vigae. Vigae vyetu havikutosha, akawatuma watu waende kuangalia nyuma ya nyumba zao, wakarudi na vikapu vimejaa. Alivipokea kikapu baada ya kikapu, lakini mimi na baba tulitazamana, na nikaona midomo ya baba inatetemeka kwa kicheko alichokizuia. Direkteri alikunja suruali mpaka magotini akakanyaga udongo pamoja na wengine, na kila alipopunguza kasi mama alimwambia aongeze. Majiko matatu yalijengwa kwa siku nne, yakaachwa yakauke kivulini, kisha mama akayawashia moto mdogo kila asubuhi, leo vijiti viwili, kesho vitatu, kama anayemzoesha mtoto uji. Akaweka sikio. Hakuna kilicholia.

Siku ya kufungua shule ua ulijaa. Maharage yalikuwa yanatokota juu ya majiko yote matatu, na harufu ya vitunguu na mafuta ya mawese iliwafanya hata wazazi walegee. Direkteri akaniita mbele. Mtungi uliletwa, na juu yake kikombe. Nilijikaza kisabuni, nikachota, nikanywa nusu, nikampa. Maji mengine yakamwagikia viatu vyake. Mama mzazi wa Direkteri alikuwa ameketi benchi la mbele, bibi mzee mwenye heshima zake, amemkazia macho. Direkteri alimtazama, akatazama majiko, akanitazama mimi. Akanywa. Alikunywa mpaka tone la mwisho, akakipindua kikombe ili kila mtu aone. Hakuna aliyepiga makofi. Wanaume wawili waliwashika watoto wao mkono wakatoka nao nje ya ua. Ndipo Sifa alipopenya katikati ya watu, akanyoosha mkono akasema, "Leta na mi. Niko na kiu." Akachota, akanywa. Mwalimu wangu naye akaja, machozi yakimlengalenga, akanywa, akanishika bega mbele ya watu wote. Baada ya hapo foleni ilijipanga yenyewe. Nilifurahi mpaka nikaona aibu ya kufurahi kiasi kile. Wale watoto waliotolewa nje walirudi siku ya Alhamisi, saa sita kamili, wakati wa chakula.

Sasa nina miaka arobaini na kidogo. Sidanganyi kwamba yote yalikwisha siku ile. Hata leo najua nyumba ambako sahani niliyolia chakula huwekwa kando ikidhaniwa sioni. Lakini kijana wa Kitwa anayesoma chuo kikuu si kioja tena, kazi ya Jumamosi ikiisha baba hunywa kwa mrija kama watu, na bonde la udongo lina karatasi za umiliki zenye majina yetu. Gasenyi imejaa nyumba za ghorofa, na katikati yake iko karakana yetu. Tunafanya kazi humo wanawake kumi na wawili, Watwa, Wahutu, Watutsi na Wabembe wawili kutoka Kongo, na mimi ndiye ninayeisimamia. Majiko yetu, ambayo hapa huitwa mbabula, yanauzwa katika maduka ya Asiatique ambako baba alikuwa akibeba chumvi. Mjukuu wa yule bibi wa benchi la mbele ndiye anayechanganya udongo, na hakuna anayemzidi.

Nimekaa katika semina nyingi ambamo tunaambiwa kwamba maendeleo ni kusahau makabila. Huwa ninasikiliza kwa adabu na damu inanichemka. Sikuwahi kutaka kusahauliwa. Ufinyanzi huu nimeupata kwa bibi zangu, pamoja na sikio la kusikiliza moto, na sioni nchi ingefaidika nini kama ningeuacha mlangoni ili niingie dunia ya kisasa mikono mitupu. Mwaka jana bwana mmoja wa mradi, kijana mwenye nia njema, alikuja kutushauri tubadilishe kibao chetu barabarani, kilichoandikwa Wafinyanzi Watwa wa Gasenyi. Alisema jina la kabila limepitwa na wakati, tuandike tu Majiko ya Kisasa. Mama alikuwa ameketi mlangoni. Macho yamepungua nguvu, masikio bado. Alimwita asogee.

"Mutoto wangu," akamwambia, "zamani ile jina batu baliitumia ya kutufukuza. Leo banashuka ku barabara, banauliza: Batwa ba mbabula bako wapi? Ukiitoa, batafika namna gani?"

Yule kijana alicheka, akaomba msamaha, akafuta kitu kwenye daftari lake. Kibao kilibaki. Mwezi uliopita tumekipaka rangi upya, herufi nyekundu, na neno Watwa tumelifanya kubwa kuliko mengine ili lisomeke tangu barabara ya lami.