Mtani Aliyeninyang'anya Mlima

Mimi ni mtu wa Mkwaja, na sisi watu wa Mkwaja tukipanda juu sana tumepanda mnazi. Nilikulia mchangani. Nilipopata kazi ya ualimu Tanga mjini, nilipanga chumba karibu na Raskazone, na mwinuko mkubwa niliouzoea ni ule wa kutoka ufukweni mpaka barabarani. Nilikuwa na afya ya punda. Nilicheza mpira, nilikula wali wa nazi sahani mbili, na sikuwahi kulazwa hospitali. Nayasema haya ili ujue kwamba ugonjwa ninaousimulia haukumpata mtu dhaifu.

Shuleni nilifundisha pamoja na Petro, Mnyamwezi, Mkatoliki, ambaye baba yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge. Mimi ni Mzigua, na Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Asiyejua utani na ajue hivi: mtani wako anaweza kukutukana mbele za watu, akachukua kuku wako au kofia yako mchana kweupe, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukikitaka kitu chako, unakikomboa. Mimi nilimwita Petro mpagazi, kwamba Mnyamwezi huzaliwa na mzigo kichwani. Yeye alisema Mzigua ukimpa muhogo na kivuli umemmaliza. Tulipendana sana.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Petro alisoma mahali habari za milima ya Uhabeshi, akaniambukiza wazimu wake. Tukadunduliza, na likizo ndefu ilipofika tukafunga mikoba yetu mgongoni. Mama yangu alishangaa. "Kilimanjaro si huu hapa? Mnavuka bahari kufuata nini?" Nikamjibu kwamba mlima wa nyumbani haukimbii. Tukavuka Horohoro kwa basi, tukapanda meli Mombasa mpaka Jibuti, tukapanda treni mpaka Adis Ababa, kisha malori kuelekea kaskazini, hata tukafika mahali ambapo barabara inakwisha na safari ya miguu inaanza.

Lo, nilivyofurahi! Niliona nyani wenye manyoya kama ya simba wakikaa kitako na kung'oa majani kama watu wanaopalilia. Kila kijiji walitukaribisha kahawa. Kiongozi wetu alikuwa Tesfaye, mtu wa huko huko, mwembamba, mwenye nyumbu mmoja wa kubeba mizigo. Alijua Kiarabu kidogo, nami nilijua kidogo cha chuo cha Kurani, na kwa Kiarabu hicho kibovu tulielewana. Kila mara alituambia twende polepole. Lakini mimi niliwaahidi wanafunzi wangu jiwe la kileleni, na damu ilikuwa moto. Tulikwenda mbio, na hilo ndilo lililoniponza.

Kwanza kiliuma kichwa, kikagonga kama kinu cha kutwangia mpunga. Nikatapika chakula chote. Nikasema ni baridi tu. Kwetu pwani kila kinachoshika kifua na kichwa ni baridi, na dawa yake ni tangawizi, blanketi na kulala. Nikanywa tangawizi, nikajifunika gubigubi, na tangawizi nayo nikaitapika. Asubuhi uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki vijitundu. Petro akanitazama.

"Umenenepa, mtani. Chakula cha Wahabeshi kimekukubali."

Tukacheka, tukaendelea kupanda.

Kambi iliyofuata ilikuwa juu zaidi, majani yamegandiwa na barafu. Hapo kifua kikaanza. Nikienda hatua chache natweta. Kikohozi kilikuwa kikavu, kisha nikatoa makohozi yenye povu, kisha povu likaingia wekundu wa damu. Nikilala chali nasikia maji yanatokota kifuani kama sufuria ya uji. Kucha zangu zilikuwa za buluu. Tesfaye akaniwekea kiganja kifuani, akasikiliza, akaonyesha bondeni kwa kidole.

"Chini," akasema. "Leo hii."

"Sishuki," nikajibu. Kilele kilikuwa kinaonekana pale mlangoni pa hema, karibu kama dari. "Niacheni nilale hapa leo, kesho nitakuwa mzima. Mgonjwa hatembezwi." Ndivyo tulivyolelewa.

Petro alinibembeleza sana, nami nikakaza shingo. Basi akaanza matanga yangu. Kwetu msibani mtani ndiye anayechekesha waliofiwa, na Petro aliijua kazi hiyo. Akajitanda blanketi, akasimama juu ya jiwe, akaangua kilio.

"Jamani, Mzigua wangu amekufa! Alikuwa mchoyo wa samaki! Alikuwa golikipa wa kufungwa kila Jumamosi! Kanzu zake narithi mimi!"

Tesfaye alidhani amerukwa na akili. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa, na nilipokohoa pumzi haikurudi. Nilipapasa hewa kama samaki aliyetupwa nchi kavu. Ilipokuja kidogo, nikainua macho. Petro alikuwa amenyamaza. Machozi yalimtoka, na midomo yake ilikuwa ikisali. Mtani hanyamazi msibani. Hapo ndipo nilipoogopa kufa.

Lakini ugonjwa ule huharibu na akili. Niliogopa, na bado nikasema kesho.

Petro akafuta uso. "Basi nachukua haki yangu ya utani," akasema. Akang'oa hema nikiwa ndani. Akanivua blanketi, akachukua koti, akachukua na mkoba, akavitupia vyote juu ya nyumbu. "Ukivitaka, njoo uvikomboe bondeni." Akashika njia.

Nilibaki juu ya mawe nikitetemeka kwa baridi na kwa hasira, na hasira yenyewe sina ruhusa nayo. Ningefanya nini? Nikainuka nimfuate mwizi wangu. Miguu ilikwenda kama ya mlevi, Tesfaye akanishika mkono. Petro hakuwa mbali. Alikuwa nyuma ya mwamba ananisubiri. Akanivisha koti, akapiga magoti mbele yangu.

"Panda mgongoni. Leo mpagazi amepata mzigo."

Njia ilikuwa mbaya mno kwa mgonjwa kukaa juu ya nyumbu, kwa hiyo alinibeba yeye, wakipokezana na Tesfaye, mpaka kwenye mashamba ya shayiri. Kadiri tulivyoshuka, kifua kilifunguka. Jioni niliweza kusema maneno matatu bila kutweta, na yote matatu yalikuwa matusi kwa Petro. Akaomba dua ya shukrani papo hapo.

Tulipofika mjini nililazwa hospitali. Daktari alinisikiliza mgongoni muda mrefu. "Mapafu yamejaa maji," akasema. "Dawa yake ya kwanza ni kushuka, nawe umekwisha kuitumia. Ungelala kule juu tena, rafiki yako angerudi peke yake." Walinipa hewa ya mtungi na sindano. Nilikohoa, nikala uji, nikalala kama mtoto. Siku niliyopanda ngazi za wodi bila kusimama, wauguzi walinipigia vigelegele.

Ewe unayesoma, ukienda milimani panda polepole. Kichwa kikiuma usiongeze hatua. Kifua kikitokota shuka siku hiyo hiyo, hata kama kilele unakigusa kwa mkono. Na chagua mwenzi wa safari asiyekuogopa.

Tuliporudi, tulikwenda moja kwa moja kwa mama yangu Mkwaja. Habari ilikuwa imeshamfikia.

"Shikamoo, mama," Petro akasema.

"Marahaba." Mama akamshika mikono yote miwili. "Tangu leo wewe ni mwanangu. Huyu ni ndugu yako."

Petro akainama. "Ahsante, mama, lakini naomba nikatae. Ndugu yake angembembeleza kule juu mpaka amzike. Niache niwe mtani."

Mama akajipangusa macho kwa upande wa kanga. "Haya. Lakini kula utakula kama mwanangu."

Akatandika mkeka, akaleta sinia. Tukakaa watatu. Alhamdulillahi, tulikuwa watatu.