Uzi wa Sweta la Babu

Juzi, kwenye gesti moja mjini Omurushaka, niliona kikapu kilichosukwa kwa nyuzi za viroba vya unga, nikasikia tena harufu ya sweta la babu: moshi na tumbaku.

Nilikuwa mtoto. Mchana mmoja, siku chache baada ya kumzika babu, bibi alikaa mkekani akilifumua sweta lile. Lilikuwa limetoboka viwiko. Uzi mwekundu ulichomoka taratibu, nami nikaangua kilio, nikidhani ameshamchoka babu. Kwa uzi ule bibi alimalizia ukingo wa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu hupewa kila mgeni.

Jioni jirani alipiga hodi. Bibi alinikabidhi kikapu.

"Mpelekee kwa mikono miwili," alisema. "Mwambie babu yako anamkaribisha."