Risasi Nyepesi

Juzi, kwenye brokante ya Schaerbeek, soko la vitu vikuukuu, niliona mizani ndogo ya kupimia baruti, na bega langu la kulia likaanza kuuma.

Mzee ambaye mama yangu alikuwa akimtunza huko Uccle alikuwa na mizani kama ile kwenye kave, chumba kirefu cha chini kilichonuka mafuta ya bunduki na viazi vilivyoanza kuota. Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, alikuwa akijaza maganda ya risasi mwenyewe, moja moja. Aliniwekea bunduki begani, nikafyatua kwenye magunia ya mchanga. Ilinipiga kama teke la punda.

"Ça va?" aliuliza.

Nilisema ndiyo, niko sawa, machozi yakinitoka. Akapunguza baruti, akaandika kitu kwenye daftari, akanipa nyingine. Ya tano ndiyo haikuuma.

Nilidhani ananitengenezea mimi. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunishughulikia muda wote ule. Sikujua kwamba nilikuwa kipimo tu.

Kisha mjukuu wake akafika, msichana wa umri wangu, mwembamba kama mimi, aliyekuja kujifunza kulenga. Akapewa zile nyepesi. Akafyatua, akacheka.

Jikoni, mama alifunua bega langu lililovimba. Mikono yake ilinuka javel ya kusafishia sakafu.

"Maman, iko inauma."

"Najua. Nyamaza, mutoto wangu. Ni yeye atatuandikia barua ya makaratasi ya kukaa huku. Bon, enda umuambie aksanti."

Nikaenda, nikamwambia. Mzee akatabasamu, akanipigapiga begani, palepale.